Madurai, Mji wa Mama Mwenye Kasuku

Leo tunakwenda kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu, kwenye mji wa Madurai ulio kando ya mto Vaigai. Kwa wengi wetu wa Afrika Mashariki jimbo hilo ni Chennai, na Chennai ni hospitali: ndugu wanamchangia mgonjwa nauli, anapanda ndege na faili la vipimo mkononi, anarudi na kovu na mfuko wa dawa. Madurai nayo ina hospitali yenye jina, ile ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Dk. Venkataswamy ikiwa na vitanda 11 tu. Lakini mwenye mji pale si daktari. Mwenye mji ni mwanamke. Anaitwa Meenakshi, jina linalosifu macho yake kuwa yana umbo zuri la samaki, na nyumba yake ndiyo nitakayoizungumza. Sehemu kongwe za malango yake yaliyosimama leo ni za karne ya 13, na ibada yake ilikuwapo kabla ya malango hayo.

Kwanza tuondoe mazoea. Mahekalu ya Kihindu tuliyokua tukiyaona Mombasa, Zanzibar, Nairobi au mtaa wa Kisutu pale Dar es Salaam, mengi yalijengwa na watu waliotoka Gujarat na sehemu za jirani, magharibi na kaskazini ya India. Aliyezoea hayo huutafuta mnara katikati, juu ya pale alipowekwa mungu mwenyewe. Ukifanya hivyo Madurai utapotea. Huko minara mikubwa imesimama malangoni. Wenyewe wanaiita gopuramu, nayo iko 14. Ule wa kusini, uliojengwa mwaka 1559, unapanda kama mita 52, sawa na jengo la ghorofa 17 za siku hizi, na unauona ukiwa bado uko mbali na mji. Juu ya patakatifu pa Meenakshi na pa mumewe kuna paa dogo tu kila moja. Yamefunikwa dhahabu, kweli, lakini ukiwa barabarani huyaoni.

Kwa nini mlango uwe mkubwa kuliko nyumba? Zamani haikuwa hivyo hata huko huko kusini. Nenda Thanjavur, kwenye hekalu kubwa alilolikamilisha mfalme Rajaraja wa Chola karibu mwaka 1010: mnara unaozidi mita 60 uko pale pale juu ya patakatifu, na malango yake ni mafupi. Wafalme waliofuata walikumbana na tatizo la adabu. Chumba cha mungu hakibomolewi kwa sababu mfalme mpya anataka sifa. Basi kila mmoja akaliacha la ndani lilivyo, akazungusha ukuta mwingine kwa nje, na katika ukuta huo akaweka lango lililozidi la mtangulizi wake. Ndiyo maana ukiingia mahekalu haya unatoka penye urefu kwenda penye ufupi, na penye jua kwenda penye giza na harufu ya mafuta ya taa za udongo. Sifa za wafalme zimebaki nje. Mimi mpangilio huo naupenda kuliko ule wa Thanjavur, ingawa wanaojua sanaa wengi watanicheka.

Na mpangilio huo hauishii kwenye ukuta. Mji mzima wa kale umepangwa kulizunguka hekalu, mraba ndani ya mraba. Ukuta wa nje wa hekalu una karibu mita 254 kwa 237. Nje yake kuna mtaa wa Chithirai unaozunguka pande zote nne, kisha Avani Moola, kisha Masi, mwisho Veli, ambao ulikuwa kwenye ukingo wa mji. Chithirai, Avani na Masi ni miezi ya kalenda ya Kitamil. Kila mwezi ulikuwa na sherehe yake, na maandamano ya mwezi huo yalipita mtaa wake. Kwa hiyo mtu wa Madurai anapokuelekeza njia, anakutajia kalenda.

Sasa tuiangalie ile gopuramu kwa jicho la fundi mwashi. Chini ni graniti tupu, mawe makubwa yaliyopangwa kwa uzito wake, na pande mbili za lango zimesimamishwa nguzo za jiwe moja moja ambazo huwezi kuacha kujiuliza ziliinuliwaje. Juu ya hapo jiwe linakoma. Ghorofa zote za juu ni za matofali na chokaa, na zinapungua kadiri zinavyopanda, ili uzito usiuangushe mlango. Zile sanamu unazoziona kwenye picha, miungu, walinzi wenye meno, wacheza ngoma, fahali, wanawake wenye mikono minane, hazikuchongwa kwenye jiwe. Zimefinyangwa kwa chokaa juu ya matofali, zikapakwa rangi: bluu, waridi, kijani, njano, zote kwa pamoja bila kuoneana haya.

Hapo ndipo wageni wengi hukunja uso. Nimesikia watu wakisema rangi hizo zimeliharibu hekalu, kwamba lingependeza likiachwa na rangi ya jiwe lake. Jiwe lipi? Chokaa kikiachwa uchi katika nchi ya masika makali na jua lile, miaka haifiki mingi kinamomonyoka. Rangi ni ngozi yake. Na kuna utaratibu: kwa desturi, kila baada ya miaka 12 au karibu na hapo, minara hufungwa majukwaa ya miti toka chini hadi juu, mafundi wakapanda kuziba nyufa, kumrudishia huyu pua na yule vidole, wakapaka rangi upya. Kazi ikiisha, makuhani hupanda hadi kileleni na kuvimwagia maji matakatifu vile vyungu vya shaba vilivyopangwa juu kabisa, huku umati chini umeinua nyuso. Wanaiita kumbhabhishekam. Mwaka 2009 ilifanyika kwa kishindo. Kwa hiyo ukiniuliza mnara wa kusini una umri gani, nitakujibu una umri wa tangu 1559, na nitakujibu pia kwamba uso wake ni wa juzi. Majibu yote mawili ni ya kweli, na Madurai hakuna anayeona mgongano.

Tumjue basi mwenye nyumba. Inasimuliwa kwamba mfalme mmoja wa ukoo wa Pandya, Malayadhwaja, na mkewe Kanchanamalai, hawakujaliwa mtoto. Wakafanya ibada ya moto wakiomba mwana wa kiume. Kutoka motoni akatoka binti wa miaka mitatu, naye ana maziwa matatu. Wazazi wakahuzunika, lakini sauti ikawaambia wamlee kama mrithi wa kiti, na hilo la tatu litatoweka siku atakapomwona mumewe. Binti akakua, akatawazwa, akachukua jeshi akapigana na wafalme wa pande zote akiwashinda mmoja mmoja, hadi akafika kaskazini, mlima Kailash, kwa mungu Shiva mwenyewe. Alipomtazama tu, titi la tatu likatoweka, na vita vikageuka posa.

Angalia walivyoendelea. Bibi harusi hakuhamia kwa mume huko mlimani. Mume ndiye aliyemfuata Madurai, akapewa jina la Sundareswarar, bwana mzuri. Na mpaka leo anayeingia hekaluni humsalimia Mama kwanza, ndipo aende kwa Bwana. Hata majengo yanalisema hilo. Upande wa mashariki kuna gopuramu kubwa ya kifalme inayokwenda moja kwa moja kwa Sundareswarar, lakini watu huiacha na kupita pembeni, kwenye ukumbi mdogo uitwao Ashta Shakti, wenye sanamu za nguvu nane za kike, unaoelekea kwa Meenakshi. Inaelezwa kwamba ukumbi huo ulijengwa na wake za mfalme Tirumalai Nayak wa karne ya 17. Sishangai.

Ugawaji wa madaraka nao umepangwa. Katika sherehe kuu ya Chithirai, kati ya Aprili na Mei, Meenakshi hutawazwa kwa taji na fimbo ya enzi, na anahesabiwa kuwa ndiye mtawala wa mji kwa miezi minne. Kisha katika mwezi wa Avani hutawazwa Sundareswarar kwa miezi minane iliyobaki. Na kila usiku kabla ya kufunga, Bwana hubebwa kwa machela, kwa ngoma na zumari na moshi wa ubani, kutoka kwake hadi chumba cha kulala kilicho upande wa mkewe. Kila usiku, mwaka mzima. Wageni tunaruhusiwa kusimama pembeni kuitazama machela ikipita, na ni jambo la kuona.

Ndani sasa. Hekalu hili ni la waumini, na wasio Wahindu tunasimama kwenye kibao kinachosema mwisho wetu ni hapo. Kwa hiyo sanamu yenyewe ya Meenakshi, ya jiwe la kijani, mwenye kasuku mkononi, sikuiona, na sina kinyongo. Mlio msikitini au kanisani mnaelewa kwamba nyumba ya watu ina sehemu ya mgeni na sehemu ya wenyewe. Sehemu ya mgeni pekee inakushinda kuimaliza.

Lipo birika la Lotasi ya Dhahabu, lenye ngazi pande zote nne na kumbi zilizolizunguka, mahali pa kukaa miguu ikapoa. Wanasema zama za baraza la washairi wa Kitamil, utungo mpya ulikuwa ukitupwa majini humo: ulio mbovu ulizama, ulio mzuri ulielea. Nilipoisikia niliwafikiria baadhi ya wasanii wetu wa redioni, majina yao nayahifadhi.

Upo Ukumbi wa Nguzo Elfu, uliojengwa mwaka 1569 na waziri Ariyanatha Mudaliar. Nguzo zenyewe ni 985. Nafasi iliyobaki imechukuliwa na madhabahu madogo. Zimepangwa hivi kwamba ukisimama popote unaona safu zilizonyooka zinazopotelea gizani, ukipiga hatua moja safu zinajipanga upya. Nyingi zimechongwa mnyama wanayemwita yali, mwili wa simba na mkonga kama wa ndovu, amesimama kwa miguu ya nyuma. Siku hizi ukumbi umefanywa makumbusho, na kwangu ndio sehemu iliyopoa kuliko zote hekaluni: taa za umeme, vibao, makabati ya vioo. Karibu na lango la kaskazini zipo nguzo nyingine zilizochongwa kutoka jiwe moja kuwa fungu la vijiti vyembamba, na kila kijiti ukikigonga kina sauti yake.

Lakini mtu akiniambia nichague jiwe moja tu, nitachagua lililo katika ukumbi wa Kambathadi, mbele ya patakatifu pa Bwana. Nguzo ile imechongwa harusi. Shiva amesimama upande mmoja, Vishnu upande wa pili, katikati Meenakshi. Vishnu ni kaka wa bibi harusi, yaani kwa desturi yetu ndiye walii, naye anauweka mkono wa dada yake kwenye mkono wa bwana harusi na kuumiminia maji. Binti aliyewapiga wafalme wa pande zote za dunia ameinamisha kichwa kidogo tu, na fundi ameweza kuitoa kwenye graniti ile haya ya bibi harusi ambayo mnaijua. Nilisimama hapo mpaka walinzi wakaanza kunitazama.

Na Vishnu huyo ana kisa chake mjini. Hekalu lake liko nje, kwenye vilima vya Alagar Kovil, umbali wa kilomita 20 hivi. Kila mwaka anatoka huko kwa machela kuja harusini, anachelewa, anaambiwa harusi imekwisha, anakasirika, anaingia mto Vaigai na kugeuza bila kukanyaga mji. Watu kwa malaki hujazana mtoni kumwona akiingia majini. Watu wa Madurai huongeza kwamba usiku ule hulala kijiji cha Vandiyur kwa mwanamke wa Kiislamu anayempenda. Wanaelezea pia kwamba sherehe hizi mbili hazikuwa pamoja zamani: harusi ilikuwa mwezi wa Masi, mfalme Tirumalai Nayak akaihamishia Chithirai ili waabudu Shiva na waabudu Vishnu wakutane mjini siku zile zile. Ushahidi upo barabarani. Gari la mbao la maharusi, linalovutwa kwa kamba na mamia ya watu, hulizunguka hekalu katika mwezi wa Chithirai, lakini linapita mtaa wa Masi.

Isije ikaonekana kwamba nyumba hii haijapata kutikiswa. Mwaka 1311 majeshi ya Delhi chini ya Malik Kafur yalifika na kuupora mji. Baadaye ukasimama usultani wa Madurai, ukadumu hadi miaka ya 1370. Na hapa, msikilizaji wa pwani, kaa vizuri, maana anaingia mtu tunayemjua. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu, katika miaka ya 1340 alijikuta Madurai. Sultani wa huko alikuwa shemeji yake, wameoa dada wawili. Mgeni wetu hakumsifu. Aliandika kwa machukizo jinsi sultani yule alivyowaua mateka, wake na watoto wao, na akasema waziwazi kwamba hajaona mfalme mwingine akifanya hivyo. Alimlaumu Mwislamu mwenzake, shemeji yake, kwa yale aliyowatendea Wahindu. Aliukuta mji pia umeshikwa na maradhi ya kuambukiza, watu wanakufa kwa siku chache. Usultani ulipoangushwa na dola ya Vijayanagara, milango ya hekalu ikafunguliwa tena, na Nayak waliowatumikia wafalme hao wakalijenga upya kwa ukubwa huu tunaouona, kuanzia Vishwanatha Nayak katika karne ya 16 hadi Tirumalai katika ya 17.

Mtikisiko mwingine ulitoka ndani. Kwa karne nyingi Wahindu wa tabaka la chini kabisa, wale walioitwa wasioguswa, hawakuruhusiwa kuingia. Walilipa kodi mjini, walifagia mitaa hiyo ya Masi na Veli, na nyumba ya Mama wakaishia kuiona kwa nje. Gandhi alikataa kuingia hekaluni humo maadamu wao wamezuiliwa. Tarehe 8 Julai 1939, wakili wa Madurai, A. Vaidyanatha Iyer, yeye mwenyewe Brahmini, mtu wa tabaka la juu, aliwaongoza baadhi yao wakaingia. Miongoni mwao alikuwamo P. Kakkan, ambaye baadaye alikuwa waziri. Baadhi ya makuhani waligoma, serikali ya Madras ikalazimika kutunga sheria ya kuwakinga walioingia. Gandhi alikuja kuingia mwaka 1946. Watembeza wageni hukuonyesha nguzo zinazoimba wakasahau kukutajia ile tarehe 8 Julai. Mimi naiweka juu ya nguzo zote.

Na mwisho moto. Usiku wa tarehe 2 Februari 2018 uliwaka ndani ya hekalu, katika ukumbi wa Veera Vasantharaya ulio karibu na lango la mashariki, ambao ulikuwa umejaa maduka ya vinyago, bangili, vitambaa na maua. Dari la mawe likaanguka, nguzo zikapasuka. Graniti haiungui, lakini joto huichana. Maduka yakaondolewa, na hata mafundi cherehani waliokuwa wamekaa miaka mingi kati ya nguzo za Pudhu Mandapam, ukumbi wa Tirumalai ulio ng'ambo ya barabara, nao wakahamishwa. Niliwahi kudhani hekalu bila maduka ni hasara, kwa kuwa maduka yale ndiyo yaliyowaleta watu kila siku. Baada ya kuziona picha za zile nguzo nyeusi, naona hukumu ya kuyaondoa ilikuwa sahihi. Muuza asumini abaki, na amebaki: asumini ya Madurai ina cheti chake cha asili tangu mwaka 2013, na wanawake huisokota nyweleni hapo mlangoni kama wanavyofanya kina bibi wa Lamu na Unguja. Jiko la gesi na nyaya za umeme zilizoning'inia zisirudi kamwe.

Basi, ndugu msikilizaji, iwapo mgonjwa wako amelazwa Chennai na daktari amekupa siku mbili za kusubiri majibu, usikae hotelini ukihesabu feni. Kuna treni ya usiku, Pandian Express, inayotoka kituo cha Egmore na kukushusha Madurai asubuhi, mwendo wa karibu kilomita 490. Hekalu hufunguliwa alfajiri, hufungwa kama saa sita na nusu mchana, na hufunguliwa tena saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Vaa nguo ya kukufunika mabega na magoti, viatu viache kwa mwekaji, na simu usiibebe kabisa, kwani tangu ule moto haziruhusiwi ndani. Nenda jioni, pitia ule mlango mdogo wa Ashta Shakti, na ubaki mpaka machela ipite.